Bendera Yetu, Pasipoti Yao

Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, una mahakama ya kujivunia. Majaji wake huteuliwa na tume huru, na fedha zake hutoka kwenye mfuko maalumu ili mwanasiasa asipate mwanya wa kuibana. Ni Mahakama ya Haki ya Karibi, inayofanana kwa jina na ile ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Ilizinduliwa mwaka 2005 ili mataifa ya visiwa yaache kupeleka rufaa zao za mwisho kwa majaji wa Baraza la Mfalme jijini London. Kasoro ni moja tu: wenyeji wake hawaipelekei rufaa zao. Trinidad ilimwondoa Malkia na kuwa jamhuri tangu 1976, lakini kesi zake kubwa zinapofika kilele bado huamuliwa London.

Mgeni akisikia hivyo hucheka, kisha hutoa hukumu ya haraka kwamba watu wa Karibi hawajui wao ni akina nani, kwamba wametawaliwa mpaka akili. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Katika kisiwa kidogo, ambako jaji, waziri na mfanyabiashara mkubwa huenda walisoma darasa moja, mwananchi wa kawaida ana sababu ya kutaka kesi yake isikilizwe na mtu asiye na binamu pale mtaani. Halafu kuna suala la kitanzi. Mwaka 1993, katika kesi ya Wajamaika wawili, majaji wa London waliamua kwamba mtu aliyesubiri kunyongwa kwa zaidi ya miaka mitano amekwisha kuteswa vya kutosha, na kumnyonga baada ya hapo ni ukatili. Serikali za visiwani zilichukia, na tangu wakati huo wapo raia wanaoshuku kwamba viongozi wao wanaitaka mahakama ya nyumbani ili kamba irudi kazini. Wananchi wa Grenada waliulizwa kwa kura ya maoni mwaka 2016, wakaulizwa tena 2018, na mara zote mbili wakakataa kuihama London. Antigua na Barbuda nayo ilikataa mwaka huohuo wa 2018. Saint Vincent iliulizwa 2009 kama inataka kuachana na Malkia kabisa, na zaidi ya nusu ya waliopiga kura wakasema hapana.

Watu hawa hawajapotea. Wanajua fika wao ni nani. Wanachobishania ni kipi cha mkoloni kibaki, kipi kiondoke, na gharama yake ataibeba nani.

Kisiwa ambacho hesabu hiyo imepigwa hadharani kuliko vingine ni Barbados. Eneo lake ni kilomita za mraba 430 hivi, kama robo ya Unguja, na wakazi wake hawafiki laki tatu. Waingereza walifika 1627 na hawakung'oka mpaka 1966. Visiwa jirani vilinyang'anywa mara na Wafaransa, mara na Wahispania, lakini Barbados haikuwahi kubadilisha bwana, na ndiyo maana majirani waliizoea kwa jina la utani la "Uingereza Ndogo". Bunge lake lilianza 1639. Bunge hilohilo ndilo lililotunga, mwaka 1661, sheria ya watumwa iliyomfanya Mwafrika kuwa mali ya bwana wake, na makoloni mengine, Jamaika ikiwemo, yakainakili. Wazee wa Barbados wanaojivunia bunge lao kongwe hawapendi sana kukumbushwa sehemu hiyo ya pili.

Lakini hata Uingereza Ndogo ilijua kumwiga mkubwa kwa faida yake. Kuna kundi kisiwani liitwalo Landship, yaani meli ya nchi kavu, ambalo kwa mujibu wa simulizi lilianza 1863, miaka 25 tu baada ya watumwa kuwa huru kikamilifu. Wanachama wake huvaa sare nyeupe za wanamaji wa Kiingereza, zenye kamba na nishani. Wana vyeo hadi cha admeri, na matawi yao yamepewa majina ya manowari za Kiingereza ambazo wengi wao hawakuwahi kuzipanda. Ngoma yao ni bendi ya tuk: ngoma kubwa, ngoma ndogo na filimbi, na wapigaji huitwa "injini". Injini ikiwaka, safu za mabaharia hawa hutembea kwa gwaride la kijeshi, kisha taratibu magoti yanakunjika, viuno vinashuka, na gwaride zima linayumba kama meli iliyopigwa na mawimbi. Mzungu aliyekuwa akitazama aliona heshima kwa jeshi lake la majini. Mwenyeji aliona kitu kingine, kwa sababu nyuma ya nishani hizo palikuwa na chama cha kufa na kuzikana: michango ya kila wiki, fedha za mgonjwa, sanda na jeneza. Wasomaji wa mwambao wetu hawatapata taabu kulielewa hilo. Vikundi vya ngoma ya beni vya Lamu, Mombasa na Dar es Salaam, vikiwemo Marini na Arinoti, vilifanya mambo yaleyale kwa sare na vyeo vya mkoloni.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Novemba 1966, waziri mkuu wa kwanza, Errol Barrow, alikwisha kusema kwamba nchi yake haitakutwa ikizurura kwenye majengo ya mkoloni baada ya saa za kufunga. Maneno matamu, ila Malkia alibaki mkuu wa nchi. Tanganyika ilikaa na Malkia huyohuyo mwaka mmoja kamili, kuanzia Desemba 1961 hadi Desemba 1962. Kenya nayo ilikaa naye mwaka mmoja. Barbados ilikaa naye miaka 55.

Kilichoharakisha mambo ni sanamu. Katikati ya Bridgetown, mji mkuu, alisimama Admeri Nelson, shujaa wa vita vya Trafalgar. Alisimamishwa hapo 1813, miongo kadhaa kabla London haijamjengea mnara wake maarufu. Waliochangia sanamu hiyo walikuwa na sababu zao, maana Nelson alikuwa mtetezi wa wenye mashamba ya miwa na alipinga kampeni ya kukomesha biashara ya watumwa. Uwanja wake, ulioitwa Trafalgar, ulibadilishwa jina mwaka 1999 ukawa Uwanja wa Mashujaa wa Taifa, lakini mwenyewe aliendelea kusimama hapo miaka mingine 21, akiwa shujaa wa taifa jingine. Mwaka 2020, dunia ilipolipuka kwa maandamano baada ya kifo cha George Floyd huko Marekani, Wabarbados nao walikuja juu. Tarehe 16 Novemba winchi ikamshusha, akapelekwa makumbusho.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia 30 Novemba 2021, katika uwanja uleule, Sandra Mason aliapishwa kuwa Rais wa kwanza. Charles, wakati huo akiwa bado mrithi wa kiti, alikuwepo, na alikiri hadharani ukatili wa utumwa. Mwimbaji Rihanna, mzaliwa wa kisiwa hicho, alitangazwa Shujaa wa Taifa, na uso wake ukawafanya watu wengi duniani wajue kwamba nchi iitwayo Barbados ipo.

Baada ya sherehe ulikuja usafi wa majina. Jeshi la polisi likaacha neno "la kifalme". Gereza halikuwa tena la Malkia. Viapo vikaandikwa upya ili mtumishi wa umma aape kwa nchi yake. Lakini mengi hayakuguswa. Barbados ilibaki Jumuiya ya Madola. Magari yanapita kushoto, na kriketi bado ni kama ibada. Bendera haikuhitaji kubadilishwa, kwa kuwa ilikuwa imeshasema kitu tangu 1966: nembo ya koloni ilikuwa na mkuki wa ncha tatu, na aliyeibuni bendera ya uhuru alichukua ncha tu, akauacha mpini umekatika.

Wapo waliolalamika, na malalamiko yao yana uzito. Katiba ilibadilishwa na bunge, hapakuwa na kura ya maoni, na chama cha Waziri Mkuu Mia Mottley kilikuwa kimezoa viti vyote 30 katika uchaguzi wa 2018. Serikali ilikuwa imeona yaliyoikuta Saint Vincent. Mtu anaweza kusema wananchi waliletewa jamhuri mezani bila kuulizwa kama wana njaa. Anaweza pia kusema kwamba tume ya katiba ilikwisha kuipendekeza tangu miaka ya 1990, na kwamba wapiga kura walimrudishia Mottley viti vyote 30 Januari 2022, miezi miwili tu baadaye.

Kaskazini-magharibi ya Barbados, hatua chache baharini, hesabu inapigwa kwa Kifaransa, nayo ni ngumu zaidi.

Martinique si koloni, wala si nchi. Tangu tarehe 19 Machi 1946 ni mkoa wa Ufaransa, sawasawa na mkoa wowote wa huko Ulaya, ingawa Paris iko karibu kilomita 7,000 kutoka hapo. Fedha ni yuro. Wakazi wake, kama laki tatu na nusu, wana pasipoti ya Ufaransa na wanapiga kura kumchagua rais wake. Na aliyesimama bungeni kuitetea sheria hiyo ya 1946 hakuwa kibaraka. Alikuwa Aimé Césaire, mshairi aliyewafundisha watu weusi wanaozungumza Kifaransa kuuonea fahari weusi wao, meya wa Fort-de-France kuanzia 1945 hadi 2001. Ndiye huyohuyo aliyeandika tamthilia kuhusu Patrice Lumumba na uhuru wa Kongo. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuwaombea watu wake wawe mkoa wa Ufaransa?

Jibu lake lilikuwa la mtu aliyeona njaa kwa macho. Mfanyakazi wa shamba la miwa hakuwa na pensheni, hospitali wala mshahara wa kueleweka, na Césaire aliamini kwamba Ufaransa ikilazimishwa na sheria zake yenyewe itabidi ilipe. Ilichelewa kulipa. Kima cha chini cha mshahara visiwani kilifikishwa sawa na cha Ufaransa bara mwaka 1996, nusu karne kamili baada ya ahadi. Katikati ya muda huo, kati ya 1963 na 1981, ofisi maalumu ya serikali iliwasafirisha maelfu ya vijana wa visiwani kwenda Ufaransa kufanya kazi za usafi, za posta na za hospitali. Césaire mwenyewe alikwisha kujutia jinsi usawa ule ulivyogeuka, na mwaka 1958 akaanzisha chama cha kudai kisiwa kijiendeshe mambo yake.

Ukitaka kuona jinsi watu wa Martinique wanavyojitambua, nenda na tarehe. Ufaransa husema utumwa ulikomeshwa kwa amri ya 27 Aprili 1848, iliyosukumwa na Victor Schoelcher, na kwa miaka mingi jina lake lilipewa mji, maktaba na mitaa. Kisiwani wanasherehekea 22 Mei. Siku chache kabla ya hapo, katika shamba moja karibu na mji wa Saint-Pierre, mtumwa aitwaye Romain alikuwa akipiga ngoma wenzake wakikuna muhogo, kama ilivyokuwa desturi ya jioni. Bwana wa shamba alikataza ngoma. Romain akaendelea kupiga, akakamatwa. Wenzake wakaacha kazi, watu wakamiminika kutoka mashamba mengine, damu ikamwagika, moto ukawashwa, na tarehe 23 Mei gavana akatangaza utumwa umekwisha. Amri ya Paris ilikuwa haijafika kisiwani. Kwa hiyo swali la nani alimkomboa nani lina majibu mawili, moja la kitabu cha shule na moja la muhogo.

Tarehe 22 Mei 2020 vijana wakaziangusha sanamu mbili za Schoelcher. Wazungu wa Paris walishangaa: inakuwaje mnamwangusha mtu aliyewapigania? Vijana walijibu kwamba hawamkatai mtu, wanakataa hadithi ambayo ndani yake babu zao wamekaa tu wakisubiri kupewa. Miezi miwili baadaye wakaivunja kabisa sanamu ya Joséphine, mke wa Napoleon na mzaliwa wa kisiwa hicho, ambaye wengi humlaumu kwa uamuzi wa mumewe wa kurudisha utumwa mwaka 1802. Sanamu hiyo ilikuwa haina kichwa tangu 1991, ilipokatwa usiku na watu wasiojulikana. Wakuu wa mji hawakuwahi kukirudisha kichwa hicho, na kwa miaka karibu 30 watalii walipiga picha na malkia asiye na uso.

Baada ya kuyasikia hayo, mtu angedhani Martinique iko mlangoni kutoka. Lakini tarehe 10 Januari 2010 wananchi waliulizwa kama wanataka mamlaka makubwa zaidi ya kujitawala, si uhuru kamili, na karibu wanane katika kila kumi waliopiga kura walikataa. Kiongozi wa baraza la kisiwa siku hiyo alikuwa Alfred Marie-Jeanne, mdai uhuru wa siku nyingi. Walimchagua, walimheshimu, na mwaka 2015 wakamrudisha madarakani. Hawakutaka tu awapeleke alikotaka kwenda. Walimtaka mkali wa kuwagombania Paris, huku pensheni na hospitali zikibaki salama. Mtu anaweza kuuita uamuzi huo woga, lakini haukuwa ujinga.

Na ugomvi na Paris haukosi sababu. Kuanzia 1972 hadi 1993 mashamba ya ndizi ya Martinique na Guadeloupe yalipuliziwa klodekoni, dawa ya kuua fukusi wa migomba. Ufaransa iliipiga marufuku 1990, ila wakulima wa visiwani wakaruhusiwa kuendelea kwa muda. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wana chembe za sumu hiyo mwilini, na wavuvi wamezuiwa kuvua katika baadhi ya maeneo ya pwani. Januari 2023 majaji wa Paris walifunga faili la kesi ya sumu hiyo bila kumshtaki mtu. Ongeza na bei za vyakula, ambazo mwaka 2022 zilizidi za Ufaransa bara kwa karibu asilimia 40, na biashara kubwa ambayo sehemu nono imo mikononi mwa familia chache za béké, vizazi vya wenye mashamba wa zamani. Septemba na Oktoba 2024 kisiwa kilisimama kwa maandamano. Waandamanaji wengi hawakudai uhuru. Walidai bei ya Mfaransa, kwa kuwa wao ni Wafaransa, na walibeba bendera ya nyekundu, kijani na nyeusi, ambayo baraza la kisiwa lilikuwa limeipitisha 2023 kuwa ya kwao. Mwaka huohuo wa 2023 baraza lilitangaza Kikrioli kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa, na mwakilishi wa serikali kuu akalikimbilia jambo hilo mahakamani.

Waholanzi nao wana visiwa vyao, na huko hesabu imechukua sura ya mpira. Curaçao, yenye watu wapatao 156,000, ni nchi ndani ya Ufalme wa Uholanzi tangu Oktoba 2010: ina bunge lake, lugha yake ya Papiamentu na shujaa wake Tula, aliyeongoza uasi wa watumwa 1795 akauawa, na pasipoti ya Uholanzi. Novemba 2025 ilikwenda Kingston, ikawabana Jamaika sare ya bila kufungana, na kufuzu Kombe la Dunia, ikiwa nchi yenye watu wachache kuliko zote zilizowahi kufika huko. Karibu kikosi chote kilizaliwa Uholanzi, na kocha alikuwa Mholanzi, Dick Advocaat. Je, timu hiyo ni ya nani? Willemstad, mji mkuu, hawakulijadili swali hilo usiku ule, maana barabara zilikuwa zimejaa watu.

Pasipoti, hata hivyo, ni kitu cha kugeuka. Kuanzia 1956 shirika la usafiri la London lilikwenda Barbados kuajiri makondakta na wafanyakazi wa stesheni, na serikali ya kisiwa ikawakopesha nauli. Waliondoka wakiwa raia wa himaya, wakaenda, kwa maneno ya shuleni kwao, nchi mama. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba watu wa kizazi hicho, waliofika Uingereza kihalali wakiwa watoto, walikuwa wakinyimwa matibabu, wakifukuzwa kazi, na wengine kurudishwa visiwani kwa kukosa karatasi. Baadhi ya karatasi hizo serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu.

Waliobaki Uingereza walilipa kodi miaka yote hiyo, na hapo pana jambo ambalo wengi hawakulijua. Utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830, serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20, kiasi kikubwa ajabu kwa wakati ule. Walilipwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti. Deni la mkopo uliochukuliwa kulipia fidia hiyo lilimalizwa kulipwa 2015, kwa hiyo mzao wa watumwa aliyekuwa akiendesha basi London alikatwa kodi kuwafidia waliowamiliki mababu zake. Mwaka 2013 mataifa ya Karibi yaliunda tume ya kudai fidia chini ya mwanahistoria Mbarbados, Hilary Beckles, na 2014 yakatoa madai yao kumi: kuombwa radhi rasmi, afya, elimu, kufutiwa madeni na mengineyo.

Serikali ya Barbados, mmoja wa wadai hao, nayo ilikuja kubanwa nyumbani. Katika parokia ya Saint George, Barbados, lipo shamba la Drax Hall. James Drax alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kulima miwa kibiashara kisiwani katika miaka ya 1640, kwa jasho la Waafrika, na shamba bado ni mali ya ukoo wake. Mmiliki wa sasa, Richard Drax, alikuwa mbunge wa Uingereza hadi 2024. Serikali ya Mottley ilitaka kununua hekta kama 21 za shamba hilo ijenge nyumba za wananchi, na bei iliyotajwa ilikuwa kama pauni milioni tatu. Nyumba zinahitajika, hakuna aliyebisha. Ila wananchi walipopata habari waliuliza serikali inayodai fidia London inawezaje kuuandikia hundi ukoo wa Drax, na kwa ardhi ipi, na kwani babu zao hawakuilipia? Aprili 2024 Mottley alitangaza kuwa ununuzi umesitishwa.